Moyo Unapokwenda Mbio na Masikio Kulia

Mwezi huu tunapenda kuzungumza juu ya shida ambayo wengi huificha: hofu isiyo na sababu, pamoja na masikio yanayolia usiku kucha.

Mama mmoja wa kikundi chetu alianza kukonda ingawa alikula vizuri. Mikono ilimtetemeka akishika kikombe. Usiku moyo ulimwenda mbio, jasho likamtoka, na masikioni alisikia mlio kama wa nyenje. Aliogopa kwamba atakufa na kuwaacha watoto. Majirani walisema amerogwa. Sisi tulimwambia ana mawazo mengi, apumzike na aombe.

Tunakiri kwamba tulikosea. Tumesomea uuguzi, lakini hatukumshika hata mkono kuhesabu mapigo. Siku tulipoyahesabu yalizidi 120 kwa dakika, naye ameketi tu. Tulimsindikiza hospitali, damu ikapimwa, ikaonekana tezi ya shingo inafanya kazi kupita kiasi.

Tezi hii, iitwayo thairoidi, imekaa mbele ya koo, na umbo lake ni kama kipepeo. Hutengeneza homoni zinazoongoza mwendo wa mwili wote. Homoni zikizidi, mwili hukimbia: moyo hudunda, joto humsumbua mtu, usingizi hupotea, hedhi hubadilika, na hofu huingia. Zikipungua, mwili huzorota: uchovu, baridi, kufunga choo, ngozi kavu, kunenepa na huzuni. Katika hali zote mbili masikio yanaweza kulia. Tezi ikivimba twaiita rovu, lakini tezi inaweza kuugua bila uvimbe wowote kuonekana. Kwa hiyo usiseme, "Shingo yangu ni nzima."

Mama yetu alipewa vidonge vya kabimazoli, na vingine vya kutuliza mapigo ya moyo. Baada ya wiki kadhaa alianza kunenepa, lakini masikio yaliendelea kulia. Akasema, "Dawa hizi hazifai," akaziacha. Haukupita muda mrefu akarudi palepale, hata kupanda ngazi hawezi.

Hapa ndipo penye somo. Dawa ya tezi hutibu tezi. Hofu na mlio wa masikio huweza kuchelewa kuondoka, na vyenyewe vinahitaji msaada wao. Usiache dawa kwa sababu sikio bado linalia. Rudi kwa daktari umweleze.

Yafuatayo tumeona yanasaidia:

1. Anayetumia kabimazoli akipata homa au vidonda vya koo, aende hospitali siku hiyo hiyo apimwe damu, kwani dawa hii mara chache hupunguza chembe nyeupe za damu. Mwenye mimba, au anayetaka kupata, amwambie daktari mapema.

2. Anayetumia lavothairoksini kwa sababu tezi imelegea, ameze asubuhi kwa maji matupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai. Vidonge vya kuongeza damu vikae mbali nayo kwa saa 4. Kipimo cha dawa kikizidi, moyo utakwenda mbio na hofu itakuja. Basi asidhani ni wazimu, arudi apimwe.

3. Mwenye pumu amweleze daktari kabla ya kupewa propranololi ya kutuliza moyo.

4. Masikio yachunguzwe pia. Nta iliyojaa, upungufu wa damu, kwinini, na aspirini nyingi vyote huleta mlio. Usichokoe kwa kijiti cha kiberiti wala kumimina mafuta ya moto.

5. Usiku ukimya hufanya mlio uonekane mkubwa. Washa redio kwa sauti ndogo, au feni kama ipo. Sikio likipata kitu kingine cha kusikiliza, mlio hupoa.

6. Hofu ikipanda, keti, weka mkono tumboni, vuta pumzi ukihesabu hadi 4, kisha itoe taratibu ukihesabu hadi 6. Rudia kwa dakika 5. Kahawa na chai ya rangi kali zipunguzwe.

Lakini ukiacha kusikia ghafla, au mlio ukiwa wa sikio moja tu, au ukidunda sawa na mapigo ya moyo, usingoje. Nenda hospitali. Vivyo hivyo kwa maumivu ya kifua, au mawazo ya kujidhuru.

Nanyi akina baba na ndugu mnaosoma ukurasa huu: mama anapofoka, kulia, au kuamka usiku akihema, msikimbilie kumwita mkorofi. Mshikeni mkono, mhesabu mapigo, mkamsindikize kupima. Kuomba pamoja naye ni vyema, lakini maombi hayamzuii mtu kumeza dawa.

Mama yetu alirudia dawa zake. Mapigo yametulia, na sasa anasimama tena jikoni kwake. Mlio bado humjia siku akiwa amechoka, lakini haumtishi tena. Anasema, "Ni nyenje tu, acha waimbe," kisha anageuka upande wa pili na kulala.

Tuonane mwezi ujao.