MCHOMA NYASI TUMSHITAKI KWA HESABU GANI?

Wapo watakaonuna wakisoma haya, hasa ndugu zangu wa kalamu, na liwe liwalo. Nimechoka na hadithi zetu za moto. Chukua miswada inayozunguka kwenye vijiwe vyetu, kuanzia Kayanga hadi Bukoba mjini, hutakosa mchungaji mjinga mwenye kiberiti mfukoni. Anachoma kilima, chemchemi inakauka, mvua inagoma, na ukurasa wa mwisho mchungaji anakufa kwa kiu. Najua kwa sababu hadithi ya namna hiyo niliiandika mwenyewe hapa Rugera, mwaka mmoja baada ya kumaliza kidato cha nne. Nikasifiwa. Nikavimba kichwa.

Halafu nikaiona hadithi yangu ikitendeka. Katika kijiji kimoja nisichokitaja, mzee mfugaji alitozwa faini kwa kosa la kukausha maji. Kuchoma hakukana. Wafugaji huchoma rweya, zile nyasi za vilimani, kiangazi kinapoelekea mwisho, ili ng'ombe wapate majani mabichi. Lakini juu ya chemchemi ile limesimama shamba la mikaratusi, na katika kikao kizima hakuna aliyeutaja mti. Mwenye shamba alikuwa amekaa kiti cha mbele. Nilipofungua mdomo nikaambiwa, "Kaa chini wewe kijana, hadithi zako wapelekee wenzako." Kha! Na hadithi yenyewe ndiyo iliyokuwa ikisomwa pale, ila kwa sauti ya mwenyekiti.

Sisemi moto hauna kosa. Moto wa Agosti, nyasi zikiwa zimekauka kabisa, unawaka mkali na kuacha udongo uchi, na mvua ya kwanza inateremka na udongo huo hadi bondeni. Unakula pia nyasi ambazo mama zetu wangetandaza kwenye kibanja kuhifadhi unyevu wa migomba. Moto wa mapema, nyasi zikiwa bado na umande, ni kitu kingine kabisa. Sasa swali: moto upi, mwezi gani, kilima kipi, ng'ombe wangapi, na mti gani unakunywa pale chini? Hapo ndipo kikao kilipokaa kimya, na ndipo hadithi zetu zinapokaa kimya.

Wenzetu watafiti wana kitu wanachokiita modeli. Msiogope neno. Ni hesabu inayowekwa kwenye kompyuta: mvua kiasi hiki, mteremko huu, nyasi, mifugo, tarehe ya moto. Kisha unabadili kitu kimoja tu, vingine unaviacha vilivyo, unatazama maji yanakwendaje. Jamani, si ndiyo kazi ya mtunzi wa riwaya? Unamweka mtu katika nyumba, unamnyima kitu kimoja, unafuata matokeo hata kama huyapendi. Tofauti ni kwamba wao hurudi mtoni kupima kama walisema kweli. Sisi hatupimi kitu.

Tazameni Serengeti. Sotoka ilipokuwa ikiua nyumbu, nyasi zilibaki bila mlaji, moto ukala mbuga kila mwaka, miche ya miti ikaungua. Ng'ombe wa pembezoni wakachanjwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 sotoka ikatoweka kwa wanyamapori. Nyumbu waliokuwa kama 250,000 wakafika zaidi ya 1,300,000 mwaka 1977. Watafiti walipoifanyia hesabu habari hiyo, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2009, ikaonekana kwamba nyumbu kwa kula nyasi walikuwa wameuzima moto, na miti ikarudi. Nani kati yetu angetunga kisa ambacho chanjo ya ng'ombe inaotesha miti?

Lakini ngoja, usikimbilie kuileta hesabu hiyo huku kwetu nzima nzima. Sotoka hiyo hiyo ilipita Karagwe miaka ya 1890. John Ford, mtafiti wa mbung'o aliyeandika historia ya Karagwe pamoja na R. de Z. Hall mwaka 1947, alionyesha kinyume chake: ng'ombe na watu walipopungua, vichaka vilirudi, na mbung'o wakaja navyo. Ugonjwa mmoja, nchi mbili, matokeo mawili. Kwa hiyo kilima chetu kinataka hesabu yake chenyewe.

Na ile mikaratusi? Huko Mokobulaan, Afrika Kusini, walipanda mikaratusi kwenye bonde la kijito mwaka 1969, wakawa wanapima maji. Mwaka wa tisa kijito kilikauka kabisa. Wakakata miti, na bado maji yalichukua miaka mitano hivi kurudi kama zamani. Hapakuhitajika mchungaji wala kiberiti. Hata sheria yetu ya mazingira ya mwaka 2004 inataka shughuli za watu zikae mita 60 kutoka chanzo cha maji. Mbona mita hizo hazikupimwa siku ile?

Msinidanganye kwamba haya ni mambo madogo ya kijijini. Ruaha Mkuu ulianza kukauka kiangazi mwaka 1993, wafugaji wa Usangu wakabebeshwa lawama, na mwaka 2006 wakaanza kuhamishwa na ng'ombe wao. Watafiti waliokwisha kuhesabu maji ya bonde lile walikuwa wakiinyooshea kidole zaidi mifereji ya mashamba ya mpunga. Watu walishahukumiwa kwa hadithi.

Na hapa kwetu tangu 2019 tuna hifadhi za taifa za Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe. Moto, ng'ombe na mipaka vitazungumzwa sana, na wengine wetu tutaombwa kuandika michezo ya kuigiza ya kuelimisha umma. Mchungaji mwenye kiberiti keshaandaliwa, anasubiri kupewa jina tu.

Mimi wangu namfuta. Aliye na nakala ya hadithi ile anirudishie, nitamlipia hata nauli. Sasa hivi nina daftari, saa ya mkononi na dumu la lita 20. Kila Jumamosi nakwenda kwenye chemchemi yetu kuhesabu dakika za dumu kujaa, na ninaandika nani kachoma wapi, lini. Watoto wananiita bwana maji. Yule mzee hajarudishiwa faini yake.