Bahari Moja, Makamanda Watatu

Kabla ya Oktoba 2008 bahari moja ya Waswahili ilikuwa imegawanywa na jeshi la Marekani baina ya makamanda watatu. Lamu na Mombasa zilikuwa chini ya kamandi yenye makao yake Tampa, Florida. Unguja, Pemba na Dar es Salaam zilitazamwa kutoka Stuttgart, Ujerumani. Ngazija, Nzuani na Mwali zilihesabiwa pamoja na Pasifiki, na mkuu wake alikaa Hawaii. Jahazi lililong'oa nanga Lamu, likapitia Unguja na kutia Moroni, lilivuka mipaka miwili ya kijeshi ambayo nahodha wake hakupata kuisikia. Kisha mipaka hiyo ikafutwa, ikaundwa Kamandi ya Afrika, nayo ikawekwa huko huko Stuttgart.

Kwamba watu wa pwani hii hawakuulizwa, si jambo la kustaajabisha. La kustaajabisha ni hali ya Bunge la Marekani lenyewe, lenye kushika ufunguo wa hazina. Sheria ya Goldwater-Nichols ya 1986 inampa Rais mamlaka ya kuunda kamandi na kubadili majukumu yake. Bunge hupewa taarifa ndani ya siku sitini. Siku sitini baada ya tendo, si kabla. Ni sawa na kumwita mhakiki aisahihishe mizani ya diwani iliyokwisha kuchapwa na kuuzwa. Na wala si kwamba watunga sheria wa nchi ile hawalijui neno "kabla". Tangu 1977 wanayo sheria nyingine inayotaka Bunge liarifiwe mapema pale inapokusudiwa kufungwa kambi ya ndani ya nchi yenye ajira za raia mia tatu au zaidi. Kambi, basi, ina heshima kuliko kamandi; kwani kambi ina wapiga kura.

Watetezi wa utaratibu huu husema kwamba vita havingoji mjadala, na kwamba jemadari mwenye kuomba ruhusa bungeni atashindwa kabla hajafyatua mzinga wa kwanza. Hoja hii ina sura nzuri na kiwiliwili kibovu. Sheria yenyewe imekwisha kuitoa hali ya vita: wakati wa mapigano, au pale mapigano yanapokaribia, hata taarifa hailazimiki. Kinachobaki ni wakati wa amani, ambapo kamandi hufungwa kwa makaratasi, wala si kwa mizinga.

Itazamwe Kamandi ya Majeshi ya Pamoja iliyokuwa Norfolk, Virginia. Mnamo tarehe 9 Agosti 2010 Waziri wa Ulinzi, Robert Gates, alitangaza kuwa anapendekeza ifungwe. Ilikuwa na nafasi za kazi zipatazo 2,800 za wanajeshi na raia, wakandarasi wapatao 3,000 juu yao, na gharama isiyopungua dola milioni 240 kwa mwaka. Rais Obama aliidhinisha Januari 2011, na Agosti mwaka huo bendera ikashushwa. Mwaka mzima, basi, toka tangazo hadi mwisho. Ni vita gani hivyo vilivyozuia mjadala?

Mjadala ulikuwapo, tena mkali, lakini uliwashwa na watu wa Virginia. Seneta Jim Webb, aliyepata kuwa mwanajeshi na ambaye pia ni mwandishi wa riwaya, alidai kuonyeshwa uchambuzi ulioutangulia uamuzi. Alikuwa na haki. Hata hivyo maneno yaliyosikika zaidi katika ugomvi ule yalikuwa ajira, ajira na ajira. Gates naye huenda alikuwa na haki: kamandi ile ilikuwa imenenepa. Lakini mwenye haki anayekataa kuulizwa huwafundisha wasio na haki namna ya kukataa.

Mwenendo huo ulijirudia kwa Kamandi ya Afrika. Wizara ya Ulinzi ilichunguza kama makao yake yahamishiwe Marekani, na hesabu zake zenyewe zikaonyesha kuwa kuhama kungeokoa dola milioni 60 hadi 70 kwa mwaka. Mapema 2013 iliamuliwa kamandi ibaki Stuttgart, kwa kutegemea rai ya kamanda mwenyewe. Septemba mwaka huo ofisi ya ukaguzi iliyo chini ya Bunge ikatoa ripoti kwamba uamuzi ule haukujengwa juu ya uchambuzi kamili ulioandikwa. Katika mizani ile zilipimwa dola na ajira, na ukaribu wa Stuttgart na Afrika. Ukaribu na Afrika! Na Waafrika wenyewe je?

Wao walikwisha kusema. Oktoba 2007, Bunge la Afrika lililokaa Midrand, Spika wake akiwa Mtanzania, Gertrude Mongella, lilipitisha hoja ya kuzitaka serikali zisiipe kamandi hiyo makao popote barani. Bunge lile lilikuwa la ushauri tu, lisilo na mfuko wala sheria ya kumfunga mtu. Lakini liliuliza swali kabla ya jambo kutimia, miezi kumi na moja kabla kamandi haijasimama kwa miguu yake.

Machi 2025 zilipozuka habari za mipango ya kuunganisha kamandi kubwa, ya Afrika na ya Ulaya zikiwamo, wenyeviti wa kamati za majeshi za mabaraza mawili ya Washington, Roger Wicker na Mike Rogers, walitoa tamko la pamoja kwamba hawatakubali mabadiliko makubwa yasiyopitia mashauriano na Bunge. Wote wawili ni wa chama cha Rais. Wanastahiki sifa kwa hilo, ila tamko si sheria. Maadamu sheria imeridhika na taarifa ya siku sitini baadaye, kila bunge litalazimika kupiga kelele upya, na litapiga pale tu mwenyekiti wake atakapotaka.

Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 240, inataka idhini ya Bunge kabla ya majeshi ya kigeni kuwekwa nchini. Mbunge wa Lamu anaweza kuitumia kuuliza juu ya askari walioko Manda, mahali waliposhambuliwa tarehe 5 Januari 2020 na Wamarekani watatu wakauawa. Lakini hana ibara ya kuulizia kamandi inayowaamuru askari hao, ikiunganishwa, ikihamishwa au ikifungwa. Swali hilo lina mlango mmoja tu, nao uko Washington, na ufunguo wake ni kuliondoa neno "baada" katika sheria ya 1986 na kuandika "kabla".