Mtu Mmoja Anaweza Kushinda, Mji Hauwezi: Wito kwa Wakaaji wa Likasi

Wakaaji wenzangu wa Likasi, Kikula, Panda na Shituru. Akina mama wa soko, akina baba, wachimbaji, madereva wa pikipiki, walimu na wanafunzi. Na ninyi mnaokaa kwenye kabini za M-Pesa, Airtel Money na Orange Money toka asubuhi mpaka giza: nawaandikia juu ya Aviator.

Wengi mnaujua mchezo huu. Ndege inaruka kwenye skrini ya simu, na namba inapanda kutoka 1. Ukichukua makuta yako kabla ndege haijatoroka, dau linazidishwa kwa namba uliyofikia. Ikitoroka mbele yako, dau limekwenda. Baada ya sekunde chache ndege nyingine inaruka, mchana na usiku, bila kungoja mechi ya TP Mazembe wala droo ya mwisho wa juma.

Katika mitaa yetu nasikia watu wakigawanyika. Hawa wanasema ni wizi mtupu. Wale wanasema kuna siri, na mwenye kuijua atatajirika. Naomba kwanza tuupime mchezo kwa haki, maana hatuwezi kupambana na jambo tusilolielewa.

Aviator ulitolewa mwaka 2019 na kampuni ya Spribe yenye asili ya nchi ya Georgia. Kampuni yenyewe inatangaza kwamba katika kila faranga 100 zinazowekwa, mchezo unarudisha 97 kwa wastani. Tatu zinabaki kwa mwenye mchezo. Kutokana na kiwango hicho tunaweza kupiga hesabu ya bahati: ndege hufika mara 2 katika mizunguko kama 48 au 49 kwa kila 100. Hufika mara 10 katika mizunguko isiyozidi 10 kwa kila 100. Mara 100, ile namba ambayo kila kijana anaiota, huonekana kama mara moja tu katika mizunguko 100. Na katika mizunguko kama mitatu kwa kila 100, ndege inatoroka kabla hata haijapanda, hakuna wa kuchukua chochote.

Faranga tatu kwa mia zinaonekana kidogo. Kinachoumiza ni mbio. Tuseme mtu anaweka faranga 500 kila mzunguko, mizunguko miwili kwa dakika. Kwa saa moja ameweka mara 120, yaani faranga 60,000 zimepita mkononi mwake, hata kama alianza na 5,000 tu, kwa sababu anachoshinda anakirudisha palepale. Asilimia 3 ya 60,000 ni 1,800. Huo ndio ushuru wa saa moja, kwa wastani. Mmoja ataondoka na faida, mwingine ataondoka mikono mitupu. Lakini watu 1,000 wa mji huu wakicheza hivyo saa moja kila jioni, faranga 1,800,000 zitakuwa zimetoka Likasi usiku huo, na 54,000,000 kwa mwezi. Hapo ndipo ninapotaka tutazame. Mtu mmoja anaweza kushinda Aviator. Mji mzima hauwezi kushinda kamwe, na ndiyo maana jambo hili haliwezi kuachwa kuwa siri ya kila mtu na simu yake.

Kuna wanaosema wamepata mbinu: ukipoteza, weka mara mbili, mwisho utarudisha zote. Tuihesabu nayo. Unaanza na 500 ukilenga mara 2. Ukipoteza unaweka 1,000, halafu 2,000, 4,000, 8,000, 16,000, 32,000. Ukipoteza mara saba mfululizo, umetoa faranga 63,500 kwa ajili ya kutafuta faida ya 500. Kupoteza mara saba mfululizo kunaonekana kama jambo la nadra. Kwa mchezo unaokwenda mizunguko 120 kwa saa, kutatokea, kwa wastani, kabla saa mbili hazijaisha. Mbinu hiyo inakupa ushindi mdogo mwingi mpaka unaiamini, kisha inabeba vyote kwa pigo moja.

Na wale wanaouza utabiri kwenye WhatsApp na Telegram, wanaotaka dola chache ili wakuambie ndege itatoroka wapi, wanauza uongo. Matokeo ya kila mzunguko yanatengenezwa na namba ya siri ya seva iliyofungwa mapema, ikichanganywa na namba zinazotoka kwa wachezaji watatu wa kwanza kuweka dau katika mzunguko huo. Mpaka hao watatu waweke, matokeo hayapo. Mtu wa Telegram atayaonaje? Mfumo huo unakuruhusu kuhakikisha baadaye kwamba mzunguko haukubadilishwa. Hauongezi bahati yako hata kidogo. Kwa hiyo, kijana anayelipia utabiri anaibiwa kabla hajaanza kucheza.

Kwa nini niseme haya Likasi? Kwa sababu mji wetu unaishi kwa makuta ya siku. Wazee wetu walijua mshahara wa mwezi wa Gécamines, na nyumba, hospitali na shule vilivyokuja pamoja nao. Mwaka 2003, katika mpango wa kuondoka kwa hiari uliogharamiwa na Benki ya Dunia, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliacha kazi katika Katanga nzima, na familia nyingi za hapa zilipokea fungu la mara moja lililokwisha upesi. Toka hapo watoto wao wanaishi kwa mfuko wa madini, kwa safari ya pikipiki, kwa meza ya sokoni. Makuta yanaingia jioni, kidogo kidogo, kwenye simu. Na kwenye simu hiyohiyo ndege inangoja. Zamani, mtu aliyetaka kucheza kamari alipaswa kutoka nyumbani, na jirani alimwona akipita. Leo minervali ya mtoto na unga wa bukari vinaweza kwenda mtu akiwa amelala kitandani, na mke wake pembeni hajui.

Basi tufanye nini? Naomba mambo manne, na kila moja lina mwenyewe.

La kwanza ni letu sote. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kila anayecheza afungue daftari kwa siku 30: tarehe, kiasi alichoweka, kiasi alichotoa. Hakuna haja ya kukumbuka kwa kichwa, kwa sababu ujumbe wa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money unaonyesha kila kitu. Mwisho wa mwezi ajumlishe, na amwonyeshe mtu mmoja anayemwamini. Vikundi vya likelemba vinaweza kuanza, kwa sababu humo tayari tumezoea kuhesabiana na kuaminiana.

La pili ni la wenye kabini. Sheria namba 09/001 ya Januari 10, 2009, inayolinda mtoto, inasema mtoto ni kila mtu ambaye hajatimiza miaka 18. Mtoto wa sare ya shule akija kuweka makuta ya kamari, mkatalie. Kabini moja ikikataa, atakwenda ya pili. Kabini zote za mtaa zikikubaliana, hana pa kwenda. Kaeni pamoja, muafikiane, mwandike kwenye kibao.

La tatu ni la makanisa, misikiti na shule. Mwalimu wa hesabu anaweza kutumia somo moja kufundisha hesabu niliyoandika hapa juu. Wanafunzi wa sekondari wataielewa vizuri. Na mchungaji, padri au imamu asimtukane aliyenaswa. Aliyekula makuta ya likelemba kwa kamari tayari anajificha. Akitukanwa atajificha zaidi na kukopa zaidi. Akisema amechoka na maisha, asiachwe peke yake hata usiku mmoja.

La nne ni la wakubwa. Tuandike barua moja, itiwe sahihi katika komuni zote nne, iende kwa Meya, na nakala ziende kwa Bunge la Jimbo Lubumbashi, kwa Benki Kuu ya Kongo inayosimamia makuta ya simu, na kwa ARPTC inayosimamia makampuni ya simu. Tuombe mambo yanayowezekana: kikomo cha makuta ambayo simu moja inaweza kupeleka kwenye kamari kwa siku, haki ya mtu kuomba namba yake ifungiwe, uthibitisho wa umri, na matangazo ya kamari yaondolewe karibu na shule.

Asiseme mtu kwamba serikali haisikii. Nchini Kenya, baada ya kilio cha wananchi, bodi ya kudhibiti kamari ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30 mnamo Aprili 29, 2025. Agosti ya mwaka huohuo Rais William Ruto akatia sahihi sheria mpya ya kamari iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1966. Wenzetu hao nao wanazungumza Kiswahili, nao wanatuma makuta kwa simu kama sisi. Walilalamika kwa sauti, na sheria ikabadilika.

Simwombi mtu yeyote aniamini kwa maneno matupu. Chukueni kalamu mpige hesabu hizi wenyewe, mzirekebishe kwa dau lenu na saa zenu. Kisha katika mkutano ujao wa likelemba, wa mtaa au wa kanisa, simama wewe uombe dakika kumi, usome hesabu hizo kwa sauti, na barua ianze kuandikwa papo hapo, na sahihi ya kwanza iwe yako.