UFUNDI WA ZAMANI HAUNA HATAZA

Ndugu wafanya kazi wa Kalobeyei, Kakuma na Lodwar! Akija bwana na karatasi kudai kuwa msuko wa vikapu vya mkoma ni uvumbuzi wake, tusitishike. Sheria ya Kenya ya 2001 yakataa hataza kwa jambo lililokwisha julikana popote duniani, liwe limeandikwa, limesemwa au limetumika tu.

Mwaka 1995 Marekani ilitoa hataza ya kuponya vidonda kwa manjano. Wahindi wakaleta maandishi yao ya kale, na 1997 ikafutwa. Sisi ushahidi wetu uko mikononi mwa mama zetu. Nani ataufikisha Nairobi? Twakitaka Chama kiuandike sasa.

Na fundi aliyebuni chake mwenyewe asikionyeshe sokoni kisha akalala: miezi 12 ikipita hajaomba, hata yeye hapati.