Tatizo si Moyo, ni Karo

Muulize yeyote anayefundisha biashara ya kripto kwa nini vijana wanapoteza pesa, atakujibu bila kusita: wanaongozwa na hofu na tamaa. Dawa, basi, ni kutuliza moyo.

Kitale na Bungoma, magharibi mwa Kenya, lawama hiyo si ngeni; wakulima wa mahindi wamesomewa miaka na miaka. Mkulima huuza magunia yake kwa broka wakati wa mavuno, bei ikiwa chini kabisa, kisha Mei au Juni anarudi sokoni kununua mahindi kwa gorogoro, kwa bei ya juu. Wajuaji husema hana nidhamu.

Madai hayo yalipimwa. Kuanzia 2012, watafiti Marshall Burke, Lauren Bergquist na Edward Miguel walishirikiana na One Acre Fund, shirika lililoanzia Bungoma mwaka 2006, kuwapa wakulima wa upande wa Webuye mkopo wakati wa mavuno. Hawakuwafundisha subira. Magunia ya dhamana yalifungwa lebo, yakabaki ghalani kwa mkulima mwenyewe. Waliokopeshwa waliuza kidogo kwanza na zaidi bei ilipopanda. Matokeo yaliyochapishwa 2019 yanaonyesha faida ya asilimia 29 kwa pesa zilizowekezwa. Kumbe subira walikuwa nayo. Walichokosa ni pesa za kuwavusha Januari, karo inapodaiwa.

Sasa mchukue mzazi aliyenunua bitcoin kwa pesa za karo Novemba 2021, ilipokaribia dola 69,000. Mwishoni mwa Januari 2022 ilikuwa chini ya 40,000. Akiuza kwa hasara, tutasema ameshikwa na hofu? Mhasibu wa shule hangojei soko lipone.

Anayefanya biashara kwa pesa za kukopa ndiye ambaye utulivu haumsaidii kabisa. Akiingia kwa mara 20 ya mtaji wake, bei ikishuka asilimia 5 tu mtaji umekwisha, hata kama amelala fofofo.

Tena subira yenyewe si fadhila kila mahali. Mahindi yana msimu wa bei kupanda, kripto haina. Mei 2022 sarafu ya Luna iliporomoka kutoka zaidi ya dola 60 hadi chini ya senti moja ndani ya wiki moja. Walioshikilia kwa nidhamu waliungua. Walioingiwa na hofu mapema waliokoa angalau kidogo.

Ni kweli wapo wenye akiba tele ambao hukimbilia kila sarafu inayopanda. Hao wafundishwe kujizuia. Lakini somo hilo linapofanywa jibu la kila hasara, lawama yote humwangukia aliyepoteza, na anayeuza mafunzo hakosi la kusema. Nidhamu yenye maana hutangulia ununuzi: pesa hizi zina kazi gani, na lini? Zikiwa na kazi Januari, ushauri ni mmoja: usinunue.