UVIMBE WA TAYA SI JINO TU

Mutu akivimba shavu, kila jirani anasema ni jino. Mara nyingi ni kweli. Jino lenye kuoza linaleta usaha na homa, na likiondolewa uvimbe unashuka kwa siku chache. Lakini kuna uvimbe mwingine unaoanza ndani ya mufupa wenyewe wa taya, na huo haushuki. Meno yanalegea moja moja, yanang'olewa, na uvimbe unazidi. Mwisho mugonjwa anafika hospitali bila meno na bila franga.

Neno langu ni hili: taya iliyovimba na isiyoshuka, mutu asiikate wala kuing'oa kitu mbele ya kujua jina la uvimbe ule. Sisemi kisu ni kibaya. Lakini kuna uvimbe unaoponyeshwa kwa dawa, na kuna mwingine unaoponyeshwa kwa kisu, na jirani kwa macho yake hawezi kuutenganisha.

Ule wa kwanza ni wa watoto, zaidi wenye miaka minne mpaka tisa. Unakua mbio sana. Juma hili mama anaona shavu limejaa, nyuma ya majuma machache jicho linasukumwa nje. Pengine tumbo nalo linavimba. Munganga Denis Burkitt, Mukristo kutoka Ireland, aliona watoto wa namna hii huko Kampala mwaka wa 1957, akaandika habari yao mwaka wa 1958. Katika mwaka wa 1961 alisafiri kwa motokaa kuukuu, karibu maili 10,000, pamoja na wanganga wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakiuliza katika hospitali moja moja kama watoto hawa wanaonekana pale. Williams alikuwa munganga wa misioni huko Kuluva, si mbali na mupaka wetu upande wa Aru. Walikuta kwamba ugonjwa unaonekana mahali pa joto na mvua, kule malaria ni nyingi, lakini juu katika milima yenye baridi hauonekani sana. Wale wanaosema mutoto ametupiwa sumu na walozi, nawaomba wafikiri juu ya jambo hili. Mulozi hapimi mvua.

Mutoto huyu asipasuliwe taya. Ugonjwa wake unakaa pia mahali pengine mwilini, na kisu hakifiki kule. Anapewa dawa kwa mushipa, kama siklofosfamide, na uvimbe unaweza kunywea kwa siku chache. Hapo ndipo wazazi wengi wanaharibu kazi. Wanaona uso umerudi, wanafunga mizigo, wanaenda shambani. Uvimbe unarudi pia, na safari hii dawa haina nguvu kama mbele. Wengi wanaoletwa mapema na kumaliza dawa zote wanapona.

Uvimbe wa pili jina lake ni ameloblastoma. Unaonekana zaidi kwa watu wazima, katika taya ya chini, karibu na magego. Unakua polepole kwa miaka, bila kuuma, na kwa sababu hauumi mutu anauzoea. Mama anafunika shavu kwa kitambaa na kuendelea kuimba katika kanisa. Kwa kawaida hauendi mahali pengine mwilini, lakini unakula mufupa bila kukoma.

Wanganga wengine wanaukwangua tu, kwa huruma, ili uso usiharibike. Kuna namna moja, yenye chumba kimoja, inayoonekana kwa vijana, ambayo pengine inaweza kutendewa vile. Kwa namna zingine naona huruma hii ni bei kali, maana uvimbe unarudi, hata nyuma ya miaka kumi, na sasa kipande cha kukata ni kikubwa zaidi. Heri kuondoa mufupa wote ulioharibika pamoja na sentimetre moja au mbili za mufupa muzima kila upande.

Tutajuaje jina? Picha ya radio inaonyesha vyumba ndani ya mufupa, kama povu la sabuni, lakini picha peke yake haitoshi. Lazima kukata kipande kidogo, kukitia katika formoli, na kukipeleka kwa mutu wa mikroskopi. Mutu muzima anaweza kungoja majibu kwa majuma. Mutoto hawezi. Kwake tunavuta chembe kwa sindano na kuziangalia upesi.

Sasa, shimo. Watu wanakimbia hospitali kwa kuogopa shimo kuliko ugonjwa, na siwalaumu. Taya ikikatwa bila kujengwa, upande uliobaki unavutwa, meno hayakutani, mate yanamwagika. Kama ni kidevu kilichoondolewa, ulimi unaweza kurudi nyuma na kufunga pumzi. Kwa hiyo munganga anafunga chuma cha titani kushika nafasi. Shimo lisilopita sentimetre sita hivi, mara nyingi linajazwa kwa mufupa wa nyonga ya mugonjwa mwenyewe. Shimo kubwa linahitaji ule mufupa mwembamba wa upande wa nje wa muguu, pamoja na mishipa yake ya damu, inayoshonwa na mishipa ya shingo chini ya mikroskopi. Munganga David Hidalgo wa New York alieleza kazi hii kwa taya mwaka wa 1989. Mugonjwa anatembea, kwa sababu mufupa mwingine, ulio munene, ndio unaobeba mwili.

Hospitali nyingi zetu hazina mikroskopi ya kushonea. Hata hivyo sikubali mugonjwa arudishwe nyumbani kwa sababu hiyo. Afungwe chuma, na mufupa wa nyonga uwekwe nyuma, kidonda cha kinywa kikiisha kupona. Lakini aelezwe mbele, pamoja na jamaa yake, uso utakuwa namna gani, na kwamba chuma peke yake kinaweza kulegea au kutoboa ngozi. Miezi mingi atakula uji na vitu laini. Tumbaku aiache kabisa, inazuia mufupa kushikana.

Na karatasi ya laboratwari, ndugu, musiitupe. Ukienda hospitali nyingine, ibebe, ili usikatwe kipande mara ya pili.