Yai Lisibebe Lawama Peke Yake

Mwezi uliopita baadhi yetu tulialikwa chakula cha mchana Wetherill Park, nyumbani kwa mama mkubwa wa mwenzetu. Wali, maharage, samaki na hadithi zisizoisha. Kisha mazungumzo yakamfikia dada mmoja aliyeolewa miaka minne iliyopita na bado hana mtoto. "Labda ni mgumba," mama mmoja akasema. Wengine wakatikisa vichwa kwa huruma. Hakuna aliyemtaja mume.

Wawili kati yetu tunasoma biolojia. Tulijua la kusema, lakini kwa Kiingereza tu. Tulipojaribu kueleza kwamba yai linahitaji kalisi ili liamke, mama mkubwa akajibu, "Basi, mwanangu, anywe maziwa!" Tulicheka wote, na habari ikaishia hapo. Tulirudi na aibu kidogo, ndiyo maana tunajaribu tena hapa.

Msichana huzaliwa na mayai machanga ambayo yamesimama katikati ya kazi ya kujigawa. Yanaweza kusubiri hivyo miaka 15, hata 40. Akishabalehe, kila mwezi homoni huliamsha yai, kwa kawaida moja, nalo hukomaa. Hutoa nje nusu ya kromosomu zake na kujiandaa. Kwa mayai ya panya, wataalamu wameona akiba ya kalisi ndani ya yai ikiongezeka wakati huo. Halafu yai husimama tena na kusubiri.

Linasubiri mbegu ya kiume. Mbegu ikiingia huleta protini iitwayo PLC zeta, ambayo watafiti wa Cardiff, Wales, waliieleza mwaka 2002. Protini hiyo husababisha akiba ifunguke. Kalisi hutapakaa ndani ya yai kama wimbi, hurudi akibani, kisha huja wimbi jingine, kwa saa kadhaa. Mawimbi hayo ndiyo yanayoliambia yai limalize kujigawa, lizuie mbegu nyingine, na lianze safari ya mimba. Maziwa ni mazuri kwa mifupa, lakini hayapigi hodi hiyo.

Hoja yetu ni hii. Yai linaweza kukomaa vizuri kabisa lakini lisiamke, kwa sababu protini ya mbegu ina kasoro. Na mbegu hiyo huenda inaogelea bila shida yoyote. Madaktari wanaotungisha mimba nje ya mwili wanalijua tatizo hili, na wengine hujaribu kuliamsha yai kwa dawa inayoingiza kalisi. Sababu za kukosa mtoto ni nyingi, za mke na za mume, na hii ni moja tu. Lakini inatosha kuonyesha kwamba neno "mgumba" linatamkwa mapema mno, tena kwa mtu mmoja.

Tunajua vijana hawawafundishi wazazi mambo ya uzazi mezani. Ni heshima. Lakini kimya chetu hakikumheshimu yule dada. Kwa maoni yetu, Kiswahili cha klabu kisiishie kwenye salamu na nyimbo. Tujifunze pia maneno ya mwili, ili siku nyingine tuweze kuuliza kwa adabu: "Samahani, mama mkubwa, je, mume naye amepimwa?"